Afande, Rudi Nyumbani!

Nyumbani kwangu Isyesye, jijini Mbeya, ninaishi na mbwa anaitwa Afande na paka anaitwa Kitenge. Wote wa kuokota. Afande nilimtoa mtaroni kule Mafiati akiwa mdogo, kalowa chapachapa. Alipokua akajipa kazi ya getini: kila anayeingia au kutoka lazima anuswe mzigo, na akimpa kipande cha andazi anapita bila maswali. Jina likaja lenyewe. Kitenge nilimkuta Mwanjelwa chini ya meza ya muuza dagaa, ana rangi tatu: nyeusi, nyeupe na ya chungwa. Daktari wa mifugo alimwona kwa mbali tu akasema, "Huyo jike," maana paka wa rangi tatu karibu wote ni majike.

Hakukosea. Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, Kitenge akazaa wanne ndani ya boksi la sabuni jikoni. Na siku hizohizo tulikuwa na mgeni, mama mkwe, kutoka Tukuyu.

Mimi na mama mkwe tunaheshimiana kupita kiasi. Tukikutana koridoni kila mmoja anarudi nyuma kumpisha mwenzake, mpaka mke wangu aje aamue nani apite. Lakini wanyama wangu hakuwaonea haya. "Baba, hii ni nyumba au zizi?" aliniuliza, kwa adabu zote. Alipoona boksi la sabuni akamgeukia binti yake: "Hata paka kawatangulia."

Usiku wa kuamkia safari yake, begi lake la shangazi kaja lilikaa wazi chini ya kitanda, limejaa vitenge na masweta. Kumbe Kitenge alikuwa amelichoka boksi, kwa sababu Afande hakuacha kuingiza pua yake humo kufanya ukaguzi. Paka mwenye wachanga akisumbuliwa huwahamisha. Huwabeba mmoja mmoja, amewashika kwa meno ngozi ya shingo, nao hulegea kimya. Akawapeleka penye joto. Alfajiri akatoka kutafuta chakula, na mama mkwe, ambaye hakutaka kuwasha taa akaamsha watu, akavuta zipu gizani.

Begi lilipofika getini Afande alilinusa, akakaa mbele yake, akagoma. Analia, anazunguka, anarudi kukaa. Mama mkwe akamtupia andazi. Afande akalitazama andazi, akalitazama begi, akala, akapisha. Mimi nikabeba begi mpaka stendi ya Nanenane, nikampandisha mama kwenye Coaster, nikarudi zangu. Nyumbani nikamkuta Kitenge anapiga kelele nyumba nzima, anafunua mpaka sufuria. Simu ikaita.

"Baba," sauti ya mama mkwe ilikuwa ya chini sana, "begi linalia."

"Linalia vipi, mama?"

"Linalia. Watu wanashuka."

Gari lilikuwa Uyole, linasubiri abiria. Nikamtia Kitenge ndani ya koti, nikafunga zipu mpaka kidevuni, nikarukia bajaji. Kucha alizonipiga njiani nazifahamu mimi na fulana yangu. Tunakaribia Uyole nikageuka: Afande huyo anatufuata katikati ya malori ya Tunduma, ulimi nje. Nikatoa kichwa nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Afande! Mjinga wewe, rudi nyumbani! Kazi yako kukimbizana na magari tu, huna aibu?"

Mbele yetu, katika sare nyeupe iliyopigwa pasi, trafiki akageuka taratibu. Akainua mkono. Bajaji ikasimama.

"Unaongea na nani?"

"Na mbwa, afande."

Dereva wa bajaji akafumba macho.

"Mbwa nani?"

"Afande, afande. Yaani mbwa ndiye Afande. Yuko hapo nyuma." Nikageuka kumwonyesha. Nyuma palikuwa na wauza viazi na ndoo zao tu. Afande alishapotelea miguuni mwa watu. Kisha koti langu likasema nyau.

Trafiki alivua kofia, akaivaa tena. Kabla hajapata kosa la kuniandikia, kelele zikatoka kwenye Coaster. Abiria wote walikuwa chini. Begi limewekwa peke yake kando ya barabara, mlokole mmoja analikemea kwa mkono ulionyooshwa, na konda, kwa umbali salama, anadai nauli ya ziada kwa mzigo wenye uhai. Afande wangu alikuwa amelilalia begi, mkia unapiga lami. Mama mkwe amejifunika kanga mpaka machoni, anamwita Mungu kwa Kinyakyusa: "Kyala wangu, Kyala wangu."

Nikamweleza trafiki habari yote. Akafungua zipu kwa ncha ya kidole, akachungulia. "Toa hao paka, watu wasafiri."

"Siwezi, afande. Humo ni nguo za mama mkwe."

"Mkwe kabisa?"

"Mzaa mke wangu."

Akarudi hatua moja nyuma. Wanaume wote waliokuwepo wakarudi nyuma, hadi mlokole.

Kitenge hakuwa na mkwe. Alichomoka kolani mwa koti, akatua begini, akajizungusha juu ya masweta, akalala, watoto wakaanza kunyonya. Mama mkwe alipothubutu kuingiza mkono avute hata sketi moja, paka alimfokea kwa meno yote. Konda akauliza tunaondoka au hatuondoki. Trafiki akasema gari liondoke, linaziba njia.

Tukarudi na bajaji ileile: mama mkwe nyuma na begi lenye paka watano, Afande miguuni pake, mimi nimebanana na dereva mbele ili heshima isivunjike. Mke wangu akafungua geti.

"Mama! Umesahau nini?"

Mama mkwe hakumjibu. Alinigeukia mimi, kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. "Baba, hawa hunyonya muda gani?"

"Kama miezi miwili, mama."

"Basi niwekeeni maji ya kuoga."