Shubiri ya porini haileti watoto kama ile ya kwenye kopo

Asante kwa makala kuhusu wavunaji wa utomvu wa shubiri, ila pale mnaposema mmea huu "hujizalisha kwa machipukizi" mmechanganya mambo. Hiyo ni Aloe vera ya uani, inayotoa watoto pembeni. Aloe secundiflora, inayokamuliwa sana porini huku Kenya, kwa kawaida husimama peke yake. Isipopata mbegu, imekwisha.

Na mbegu haziji hivi hivi. Shubiri nyingi hazikubali chavua yake yenyewe. Lazima itoke kwa jirani. Huku kwetu Voi nimekaa asubuhi nzima nikitazama: maua hufunguka kuanzia chini ya kikonyo kwenda juu, na kila ua hutoa chavua kwanza, kisha ndipo stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, huwa tayari. Ndege aitwaye chozi hutua, akachomeka mdomo akinywa mbochi, yaani maji matamu ya ua, akitoka kipaji cha uso kimejaa vumbi la njano. Anarukia mche mwingine. Nyuki nao wamo, tena wengi.

Sasa mtu akikata majani yote pamoja na kikonyo, au akiacha mche mmoja tu kwenye eneo kubwa, hao ndege watamletea nani chavua? Shubiri za porini zimo kwenye CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama wa porini, lakini mkataba haukai porini na panga. Jamani wavunaji, chukueni majani machache ya chini. Kikonyo kiacheni mpaka vitumba vya mbegu vikauke, vipasuke, upepo ubebe zile mbegu zenye vijibawa.