Mkandarasi wa mabomba: alipwe kwa shimo au kwa bomba?

Kazi ya kubadilisha mabomba ya maji mjini ikishafukiwa haionekani tena. Barabara au jengo mwananchi hukagua kwa macho yake, lakini bomba analijua tu likipasuka, au mtoto akiugua. Ndiyo maana naona kwamba kipimo cha malipo kinachoandikwa kwenye mkataba kina uzito kuliko hata jina la kampuni iliyoshinda zabuni.

Kisa kinachoonyesha hili vizuri ni cha Flint, katika jimbo la Michigan, Marekani. Aprili 2014 mji ule ulianza kutumia maji ya Mto Flint bila kuyatia dawa ya kuzuia kutu, na madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto, yakaanza kumomonyoka kutoka kwenye mabomba yanayoingia majumbani. Makubaliano ya mahakama ya Machi 2017 yakautaka mji ubadilishe mabomba ya nyumba 18,000 ifikapo 2020. Ila nani alijua ni nyumba zipi? Kumbukumbu zilikuwa kadi kuukuu zilizoandikwa kwa mkono, na mara nyingi kadi ilisema shaba huku chini kuna risasi.

Watafiti wa chuo kikuu walitengeneza programu ya kompyuta ya kukisia nyumba zenye mabomba mabaya, kwa kutazama umri wa nyumba, thamani yake na mahali ilipo. Mwaka 2017, takriban nyumba 7 katika kila 10 zilizochimbwa zilikutwa kweli na mabomba ya kubadilishwa. Mwaka uliofuata usimamizi ukapewa kampuni kubwa ya ushauri wa uhandisi, programu ikawekwa kando, na uchimbaji ukaenda mtaa kwa mtaa. Zaidi ya nyumba 10,000 zikachimbwa. Zilizokutwa na mabomba mabaya hazikufika 2 katika kila 10. Mamilioni ya dola yakaishia kwenye mashimo yaliyoonyesha shaba, huku familia zenye mabomba ya risasi zikiendelea kusubiri.

Ni rahisi kuishia hapo na kusema uamuzi ule ulikuwa wa kipuuzi. Mimi siukubali upesi hivyo. Watu wa Flint walikuwa wameambiwa na wakubwa wao kwamba maji ni salama, kumbe siyo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kwamba kompyuta imesema nyumba yake haina haja ya kuchimbwa, atakuamini vipi? Tena kuna sababu za kiufundi: bomba moja linaweza kuwa la shaba karibu na koki ya barabarani na la risasi kuelekea ukutani, kwa hiyo shimo dogo la kuchungulia linaweza kudanganya.

Mji wa Newark, jimbo la New Jersey, nao Marekani, ulipita njia hiyo ya kuchimba bila kubagua nyumba ukafanikiwa haraka. Kuanzia 2019, kwa msaada wa mkopo wa dola milioni 120 kupitia kaunti ya Essex, mji ulibadilisha mabomba yapatayo 23,000 kwa chini ya miaka 3, bila kumtoza mwenye nyumba. Ulipitisha hata sheria ndogo ya kuruhusu mafundi waingie bila kungoja ridhaa ya mwenye nyumba, maana wakazi wengi ni wapangaji.

Lakini Oktoba 2024 viongozi wawili wa kampuni mojawapo iliyofanya kazi ile walishtakiwa mahakama ya shirikisho, wakidaiwa kuacha kwa makusudi mabomba ya risasi ardhini na kuwasilisha picha na fomu za uthibitisho zisizo za kweli. Hapa ndipo penye kiini cha suala. Ukilipa kwa shimo, utapata mashimo. Ukilipa kwa bomba lililobadilishwa, utapata taarifa za mabomba yaliyobadilishwa, na taarifa si bomba.

Maoni yangu ni kwamba programu ipange nani aanze, isiamue nani aachwe. Kuchungulia na kubadilisha viwe na bei mbili tofauti kwenye orodha ya kazi, na hakuna hati ya malipo itakayosainiwa kwa picha za mkandarasi peke yake.

Kwetu Afrika Mashariki silaha ya kisheria tayari ipo. Miradi mingi ya maji ya wafadhili hutumia mikataba ya FIDIC, yaani violezo vya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, na kifungu cha 7.3 cha toleo la 1999 kinamtaka mkandarasi atoe taarifa kabla ya kufukia. Asipotoa, mhandisi anaweza kumwamuru afukue na kurudishia kwa gharama yake mwenyewe. Ila kifungu hicho kinahitaji mtu wa kufika mtaroni, asiyelipwa na mkandarasi. Timu kumi zikichimba kwa siku moja na mkaguzi akiwa mmoja, bajeti ya usimamizi ndiyo ya kuongezwa kwanza, kabla ya mita nyingine za bomba.