Talanta: nani atavuna pembezoni mwa uwanja?

Julai 2025 Rais William Ruto alifika Soko la Hisa la Nairobi kuzindua hatifungani ya Linzi, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji: shilingi bilioni 44.79, faida ya asilimia 15.04 kwa mwaka bila kukatwa ushuru, muda wa miaka 15. Fedha hizo ni za Uwanja wa Talanta wa viti 60,000, kando ya Ngong Road, ambao ujenzi wake ulizinduliwa Machi 2024 na kukabidhiwa kampuni ya China Road and Bridge Corporation. Haraka yenyewe inaeleweka. Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa AFCON ya 2027, na Kenya ina makovu mawili: ilipokonywa AFCON ya 1996, kisha CHAN ya 2018, zote kwa kutojiandaa.

Tangu siku ile mabishano yamekuwa juu ya deni. Yana msingi, nami nitayagusa, lakini naona yameacha kitu kikubwa nje ya ukuta wa uwanja, nacho ni ardhi.

Kwanza deni. Wanaoutetea mpango husema serikali haikutoa pesa za dawa wala za karo. Wenye hatifungani watalipwa kutoka Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, inayotegemea zaidi mapato ya kamari, kwa hiyo anayegharamia ni mcheza kamari mwenyewe. Husema pia kwamba deni ni la shilingi, hivyo dola ikipaa haliongezeki. Na riba? Februari 2024 serikali yenyewe iliuza hatifungani ya miundombinu kwa zaidi ya asilimia 18, nayo haikutozwa ushuru. Ukiilinganisha na hiyo, 15.04 si kufuru, ingawa kufikia katikati ya 2025 riba sokoni zilikuwa zimeshuka sana.

Wakosoaji hupiga hesabu tofauti. Asilimia 15.04 ya bilioni 44.79 ni kama bilioni 6.7 kwa mwaka wa kwanza. Hata deni likipunguzwa kidogo kidogo, riba na mtaji kwa miaka 15 vinazunguka shilingi bilioni 100. Na Hazina ile haikuundwa kwa ajili ya uwanja mmoja. Humo ndimo mnamotarajiwa kutoka marupurupu ya timu za taifa, viwanja vya mashinani, pesa za wasanii na za maendeleo ya jamii. Ukishaweka rehani mapato yake, hao wengine wote wanapanga foleni nyuma ya mwenye hatifungani.

Isitoshe, chemchemi yenyewe haitulii. Mwaka 2023 ushuru wa bidhaa kwenye dau ulipandishwa hadi asilimia 12.5, mwishoni mwa 2024 ukafika 15, kisha Sheria ya Fedha ya 2025 ikauhamishia kwenye pesa anazoweka mchezaji katika akaunti yake, kwa asilimia 5. Bunge linaloweza kugeuza kodi za kamari mara tatu katika miaka miwili linaweza kuzigeuza tena kabla ya 2040. Na kuna jambo ambalo watetezi hulipitia mbio: vijana wakipunguza kubeti, tukio ambalo kila mzazi analiombea, mhimili wa malipo unayumba.

Hata hivyo, nchi inaweza kuamua kwamba uwanja ni wa fahari na furaha, na kwamba furaha hugharimiwa. Aliyeona Kasarani ilivyojaa wakati wa CHAN, Agosti 2025, Harambee Stars wakifika robo fainali, hawezi kusema Wakenya hawakuitaka furaha hiyo. Hoja ya namna hiyo naiheshimu kwa sababu haijifanyi biashara. Wasiwasi wangu huanza pale uwanja unaponadiwa kama mradi wa uchumi: kwamba hoteli, maduka na ofisi zitachipuka kandokando yake, kodi zitaongezeka, na hatimaye mradi utajilipa.

Ahadi hiyo imewahi kupimwa mahali ambapo ilikuwa na kila sababu ya kutimia. Katika kaunti ya Cobb, nje ya Atlanta, Marekani, timu ya besiboli ya Atlanta Braves ilitangaza Novemba 2013 kwamba inahama Turner Field, uwanja uliotokana na ule wa Olimpiki ya 1996, uliokuwa haujafikisha hata miaka 20. Wiki mbili baadaye makamishna wa kaunti walipiga kura, wanne kwa mmoja, kuchangia takriban dola milioni 300 katika uwanja wa dola milioni 672. Wananchi hawakuulizwa kwa kura ya maoni. Sehemu ya malipo ilitoka kwenye kodi ya nyumba na ardhi iliyokuwa ikilipia deni la bustani za umma. Mwenyekiti wa kaunti aliyesimamia mpango huo, Tim Lee, alishindwa uchaguzi wa 2016.

Uwanja ulifunguliwa 2017, na ubavuni mwake pakasimama mtaa mzima uitwao The Battery: hoteli, ofisi, fleti, mikahawa, ukumbi wa muziki. Umefana. Watu hufika hata siku zisizo na mechi, na viongozi wa kaunti huonyesha jinsi thamani ya majengo ya eneo lile ilivyopanda. Lakini The Battery ni mali ya wenye timu. Kampuni yao, ambayo hisa zake huuzwa hadharani, huvuna pango la makumi ya mamilioni ya dola kila mwaka, huku kaunti ikibaki na deni, gharama za polisi na za daraja la waenda kwa miguu. Mwanauchumi J.C. Bradbury, anayefundisha chuo kikuu cha Kennesaw State katika kaunti hiyohiyo, alikadiria kwamba umma hupoteza takriban dola milioni 15 kwa mwaka. Sababu yake kuu ni nyepesi: sehemu kubwa ya pesa zinazotumika pale zingetumika kwingineko ndani ya Cobb. Chama cha wafanyabiashara cha huko kilitoa tathmini yake iliyoonyesha faida. Mimi nasadiki zaidi hesabu ya asiye na duka mtaani.

Na Braves hucheza mechi 81 za nyumbani kila msimu. Ondoa wiki za AFCON, kisha uhesabu siku ambazo Talanta itajaa: Mashemeji Derby ya Gor Mahia na AFC Leopards, mechi chache za Harambee Stars, tamasha, mkutano wa injili. Kasarani ipo tangu 1987, na mtu akitaka kujua kilichoinua fleti za upande ule aiangalie Thika Road kabla ya kuuangalia uwanja.

Ngong Road ni hadithi nyingine kidogo, kwa sababu pale ardhi ilikuwa ghali kabla ya tingatinga kufika. Kuna Kilimani upande mmoja, Karen upande wa pili, maduka makubwa njiani, Southern Bypass karibu, na Kibra ng'ambo. Uwanja ukiongeza thamani, nyongeza hiyo itamwangukia mwenye ploti ambaye hakuchangia hata senti. Akiuza, atatozwa asilimia 15 ya faida, na pesa hizo zitaingia serikali kuu, si kwenye Hazina inayolipa deni. Asipouza, kaunti itamdai kodi ya ardhi tu, katika jiji lililotumia orodha ya thamani ya 1980 kwa takriban miongo minne. Mpangaji wa chumba kimoja kule Kibra ataipata habari kupitia kodi ya nyumba kupanda.

Nasema nyongeza hiyo itozwe. Yapo majibu kwa hilo. Wapo wanaosema ukimtoza jirani wa uwanja utamfukuza mwekezaji, au utamwonea mzee aliyerithi ploti yake na asiye na mapato. La mzee linatatulika: deni lake lisubiri mpaka auze. La mwekezaji silielewi, maana tozo ni ya thamani iliyoongezeka. Isipoongezeka, halipi kitu, na hapo tutakuwa tumejua pia kwamba ile hadithi ya mradi kujilipa ilikuwa ya jukwaani.

Ndani ya eneo la uwanja kwenyewe kazi ni rahisi zaidi. Kila hoteli, duka au maegesho yatakayojengwa juu ya ardhi ya umma yakodishwe kwa zabuni ya wazi, mkataba uchapishwe, na pango liende moja kwa moja kupunguza deni la Linzi. Nje ya ukuta, kaunti ichore mipaka ya eneo linaloguswa na uwanja na kuweka tozo kama sharti la kila idhini ya kubadilisha matumizi ya ardhi. Maombi ya namna hiyo hupokewa City Hall, makao ya kaunti, siku yoyote ya kazi. Sharti likichelewa, litamkuta mwenye ghorofa ana idhini mkononi na wakili mlangoni.