Dizzee Rascal hakutoboa kwa kipaji peke yake

Kuna namna ya kusimulia maisha ya wasanii ambayo imeshanichosha. Kijana kazaliwa kwenye dhiki, baba hayupo, hela hakuna, dunia nzima imempa kisogo. Ana kipaji tu, na kipaji kikamtoa. Hadithi hiyo husambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp Jumatatu asubuhi ili watu waende kazini na morali. Dizzee Rascal, yule rapa wa grime, muziki wa kuchana uliozaliwa mashariki mwa London, husimuliwa hivyohivyo karibu kila mara. Mimi nasema nusu ya hadithi imekatwa, tena ile nusu yenye nyama.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Jina lake la cheti ni Dylan Kwabena Mills. Kazaliwa Septemba 1984, akakulia Bow, mtaa wa huko mashariki mwa London. Mama yake ni Mghana. Baba alikuwa Mnigeria, akafariki mtoto akiwa bado mdogo. Makazi yao yalikuwa nyumba za halmashauri, zile zilizojengwa kwa wingi baada ya vita na kuachwa zichakae. Ukiwa Bow ukaangalia kusini unaliona jengo kuu la Canary Wharf, mita 235, refu kuliko yote Uingereza kwa miaka ile, limejaa mabenki. Taa ya pale kileleni inawaka na kuzima usiku kucha. Watoto wa Bow wamekua wakiitazama kutoka madirishani, na pesa inayozunguka mle ndani haikuwahi kuvuka barabara kuwafuata.

Shuleni alikuwa mtihani kwa walimu. Kafukuzwa huku, kahamishiwa kule, mara nne. Mwisho akaangukia Langdon Park, shule ya serikali pale Poplar, na huko nako akafikia mahali pa kuzuiwa vipindi vyote. Vyote, isipokuwa kimoja: muziki.

Hapa ndipo wasimuliaji wengi hupita mbio, na mimi nataka tukae kidogo. Mtoto ambaye mwalimu wa hesabu hamtaki, wa Kiingereza hamtaki, wa sayansi ndiyo kabisa, anafika kwenye chumba cha muziki na mwalimu anasema, huyu mwacheni hapa. Ndani ya chumba hicho kuna kompyuta yenye programu ya kurekodia. Kuna kinanda kimeunganishwa nayo. Kuna muda, kwa kuwa kijana hana darasa jingine la kwenda. Na kuna mtu mzima anayesikiliza makelele yale bila kusema "zima huo upuuzi". Kompyuta ile ilinunuliwa kwa kodi za watu. Mshahara wa mwalimu yule ulilipwa kwa kodi za watu. Kipaji kilikuwepo, sikatai, lakini kama mlango wa chumba kile ungekuwa umefungwa, kipaji kingeishia kituo cha polisi kama vilivyoishia vipaji vya wenzake wengi wa rika lile.

Utengenezaji wenyewe haukuhitaji kusoma nota. Unapanga vipande vya sauti kwenye kioo kama matofali, ngoma hapa, besi pale, unakizungusha kipande kijirudie, unasikiliza, unahamisha. Vijana wengine wa kizazi hicho walijifunzia kwenye gemu la PlayStation lililoitwa Music 2000. Kasi ya grime ikasimama kwenye mapigo 140 kwa dakika, urithi wa garage, ule muziki wa klabu uliotamba London mwishoni mwa miaka ya 90. Tofauti ni kwamba garage ilivaa viatu vya ngozi na kunywa shampeni, na hawa watoto hata mlangoni mwa klabu walikuwa hawapiti. Wakaiondolea utamu wote. Wakabakiza baridi, besi, na nafasi tupu katikati ya mapigo ambamo mchanaji anaweza kujimwaga.

Sikiliza "I Luv U", wimbo alioutengeneza akiwa na miaka kama 16. Ngoma inagonga kama mtu anabamiza geti la chuma. Besi imekwaruzwa makusudi mpaka inakoroma. Kiitikio ni yale maneno matatu ya mapenzi yakirudiwa na sauti ya mashine isiyo na mapenzi hata chembe. Kijana anamponda msichana, anaogopa kubambikiwa mimba, anajitapa. Halafu, na hili ndilo linaloupa wimbo uhai, msichana anaingia na ubeti wake na kumrudishia tusi kwa tusi. Hakuna anayeshinda. Ni ugomvi wa watoto wawili kwenye ngazi za ghorofa, na sijui rapa mwingine wa umri ule aliyekuwa na akili ya kumpa mpinzani wake maiki.

Sasa, wimbo umekamilika. Utausikia wapi? Redio kubwa hazikuwa na habari. Jibu lilikuwa redio bubu, zisizo na leseni, kama Rinse FM iliyoanza 1994 na Deja Vu FM. Utaratibu wao ulikuwa wa ujanja kweli. Studio inafichwa kwenye jiko la nyumba ya mtu au chumba chochote kilichopatikana. Mtambo wa kurushia matangazo unapandishwa kileleni mwa ghorofa la mbali na studio, ili wakaguzi wa serikali wakija kung'oa, wang'oe antena tu na studio isalimike. Antena ikiibwa au kukamatwa, wanachanga wananunua nyingine. Madijei hawakulipwa, wao ndio waliolipa ada ili wapewe kipindi.

Na wasikilizaji walibipu! Namba ya simu ya studio inatajwa hewani, wimbo ukikukuna unabipu, simu ikijaa mibipu dijei anairudisha sahani mwanzo. Watu wa kwetu tuliokuwa na simu miaka ile hatuhitaji maelezo zaidi. Hela ya vocha ilikuwa tatizo Bow vilevile.

Redio hizo zilikuwa chuo. Chumba kidogo, maiki moja, vijana wanane au kumi wamebanana, jasho, moshi. Unapewa mistari 8 au 16. Ukiboronga, maiki inaondoka mkononi mwako na hakuna anayekuonea huruma. Ukiipatia, chumba kinalipuka na wimbo unarudishwa. Wiki hadi wiki, miezi hadi miezi. Dizzee alipita humo, akawa kwenye kundi la Roll Deep pamoja na Wiley, kaka mkubwa wa mtindo mzima, ambaye biti yake ya "Eskimo" ya 2002 ndiyo iliyowafundisha wengi jinsi muziki huu unavyopaswa kuganda. Wiley huyohuyo alikuwa akiuza santuri kutoka buti ya gari lake, zikiwa na lebo nyeupe zisizo na maandishi. Nyingine zilipelekwa Rhythm Division, duka la santuri pale Roman Road, Bow. Duka limeshakufa. Pakawa mkahawa wa kahawa, kama mnavyoujua mji wa London.

Ukiyaweka pamoja hayo, yaani chumba cha shule, antena juu ya ghorofa, duka la mtaani na kaka wa kumtangulia, unaona kwamba kijana alipofika kwenye lebo ya XL Recordings hakuwa ameanguka kutoka mbinguni. Alishapikwa. Albamu ya kwanza, "Boy in da Corner", ikatoka Julai 2003. Kwenye jalada la manjano amekaa chini kwenye kona ya ukuta, vidole viwili kichwani mfano wa pembe. Karibu biti zote ni zake mwenyewe. "Fix Up, Look Sharp" imejengwa juu ya ngoma za mwanarock wa Marekani, Billy Squier, na ni huo tu ambao mtu mzima wa wakati ule angeweza kuuelewa kwa mara ya kwanza. Nyingine zilitaka uvumilivu.

Mwezi huohuo wa Julai alichomwa visu mara kadhaa akiwa Ayia Napa, Cyprus, mahali ambapo vijana wa London walikuwa wakienda kula bata majira ya joto. Akapona. Baada ya hapo urafiki wake na Wiley ukavunjika na Roll Deep akaiacha. Mengi yameandikwa kuhusu bifu hilo na sina hamu ya kuongeza jingine.

Septemba akachukua tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya Uingereza na Ireland, yenye pauni 20,000. Kwenye orodha ya waliowania walikuwemo Radiohead na Coldplay. Kijana hajafikisha miaka 20! Magazeti makubwa yakaanza kumweleza kama kiumbe kilichookotwa: katoka wapi huyu? Swali lenyewe lilionyesha kwamba wauliza maswali hawakuwahi kuzungusha kitufe cha redio zao hadi kwenye masafa yasiyo na leseni, ingawa yalisikika mji mzima.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya nisiungane na wanaomlaumu kwamba aliuza utu. Mwaka 2008 alitoa "Dance wiv Me" na Calvin Harris kupitia lebo yake mwenyewe, Dirtee Stank, ukakaa namba moja. 2009 "Bonkers" nao namba moja. Nyimbo za kuruka disko, nyepesi, hata shangazi anacheza. Mashabiki wa zamani walinuna na wengine wamenuna mpaka leo. Lakini angalieni mazingira. Kuanzia 2005 polisi wa London walikuwa na fomu namba 696, ambayo waandaaji wa shoo walitakiwa kuijaza: majina ya wasanii, anwani, simu, aina ya muziki, na kwa miaka ya mwanzo hata asili ya watu wanaotarajiwa kuja. Shoo za grime zilifutwa hovyo kwa sababu hiyo. Fomu ile ilikuja kuondolewa Novemba 2017. Msanii ambaye muziki wake unazuiwa jukwaani afanye nini? Ale tuzo? Alitafuta mlango uliokuwa wazi, akapita. Tarehe 27 Julai 2012 aliimba "Bonkers" kwenye ufunguzi wa Olimpiki pale Stratford, mwendo mfupi tu kutoka Bow.

Niseme na hili, maana makala za sifa hulikwepa. Mwaka 2022 mahakama ilimtia hatiani kwa kumshambulia aliyekuwa mchumba wake. Namsifu kwa kazi ya ujana wake na sitamsafisha kwa hilo. Wanaotaka shujaa asiye na doa watafute mahali pengine.

Turudi kwenye hoja. Nikizungumza hivi vijana hunijibu: mzee, siku hizi simu ni studio. Programu za bure zipo, YouTube ipo, nani anahitaji chumba cha shule? Wanaleta na ushahidi. SBTV ya marehemu Jamal Edwards ilianza 2006 na kamera tu, ikawainua wengi. Stormzy alirekodi "Shut Up" akichana bustanini, na mwaka 2017 albamu yake ikawa ya kwanza ya grime kukaa namba moja Uingereza. Sawa kabisa. Ila Stormzy alichana juu ya biti iliyopikwa enzi za redio bubu, kwa mtindo uliokwishanolewa na watu waliomtangulia kwa zaidi ya miaka kumi. Simu inakupa vifaa. Haikupi mwalimu wa kukwambia kaa hapa uendelee, wala chumba cha wenzako watakaokunyang'anya maiki ubeti ukiwa mbovu. Kwenye simu mbovu na mzuri wote wanapata vidole gumba.

Na vile vyumba vimekuwa vikifungwa. Mwaka 2010 serikali ya Uingereza ilileta kipimo cha kuzipima sekondari kwa Kiingereza, hesabu, sayansi, lugha, na historia au jiografia. Muziki haukuwemo. Mwalimu mkuu mwenye bajeti finyu alijua la kufanya: alikata kisichopimwa. Klabu za vijana nazo zilikatwa fungu miaka hiyohiyo ya kubana matumizi, na ndizo zilizokuwa na maiki na spika kwa watoto wasio na kompyuta nyumbani. Halafu viongozi haohao husimama kwenye majukwaa wakijisifia kwamba muziki wa Waingereza weusi umeiteka dunia. Huko nako ni kuvuna shamba la mtu.

Kwa ambaye hajawahi kumsikiliza: usianze na "Bonkers". Anza na "I Luv U", kisha "Sittin' Here", wimbo unaofungua albamu ile ya manjano, ambamo hafanyi lolote zaidi ya kukaa na kutazama mtaa wake ukibadilika. Tafuta spika yenye besi ya kueleweka. Kwa spika ya simu nusu ya kazi yake huisikii, utaishia kuniambia nilikudanganya.