Eti OK, testi sifuri

Najua mshasikia toleo la jamaa yangu, lile la mimi kulia mbele ya wateja. Sikulia. Taa ya projekta ilinipiga machoni, basi.

Iko hivi, tunawaonesha wateja mfumo wa ankara, wamekaa, bosi kashajisifia kwamba vijana wake wanatesti kila kitu. Nikaandika python -m unittest, amri ya lugha ya Python ya kuendesha testi, yaani majaribio ya kuona kama programu inajibu sawa, nikagonga enta kwa madaha, ikaja chap: OK. Nikawageukia kama bwana harusi. Sasa kuna mama mmoja, mhasibu wao, miwani puani. "Mwanangu, hapo juu ya OK pameandikwa Ran 0 tests. Hiyo sifuri ya nini?"

Mdomo ukanitangulia: "Ni idadi ya zilizofeli, mama."

"Aah. Na zilizofaulu ziko wapi?"

Kimya, AC tu inasikika. (Mafundi mshajua: faili langu niliita majaribio_malipo.py, na unittest usipoiambia kitu inaokota mafaili yanayoanza na test tu, Kiswahili changu ikakipita kama haikioni, halafu Python za kabla ya 3.12 hata testi zikiwa sifuri zinakupa OK bila haya.)

Bosi: "Hebu liendeshe hilo faili lenyewe." Mkono unatetemeka. Zikaanza kutoka, moja moja, nukta, nukta, F, E, nukta, F, E. Nikawahi kueleza kwamba nukta imepita, F jibu limekuja ila sio tulilotegemea, E programu imeanguka hata kabla ya kulinganisha jibu. Mama akatikisa kichwa, "Kumbe E ina nafuu, kidato cha sita E si prinsipo?"

Nikashuka kwenye ripoti nimuoneshe, na bora nisingeshuka, maana ilikuwa imekaa pale ukutani, mistari mipana kama mkeka wa shughuli: AssertionError: 10180 != 11800, yaani jibu ni 10180 wakati tulitegemea 11800. Mama akaisoma kabla yangu. Polepole, kidole hewani. "Elfu kumi, weka VAT..." Akavua miwani. "Mwanangu, VAT imekuwa asilimia moja nukta nane lini?"

Nyie!! Bosi akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Jamaa yangu ndo akatoka nje eti anapokea simu, simu yenyewe kaiacha mezani.

Basi faili lina jina jipya, Python nimepandisha, siku hizi testi zikiwa sifuri inaandika NO TESTS RAN na kutoka na namba 5, ishara kwamba hakuna testi iliyoendeshwa, kikao wiki ijayo. Mama kaomba F na E zote aletewe kwenye Excel, na safu moja ya "mhusika".