Ganzi ya Mtani

Jino langu halikuwa na tatizo lolote, tuelewane hapo kwanza. Lilikuwa linatafuna mihogo mibichi bila malalamiko. Mwenye jino bovu alikuwa mzee mmoja mvuvi wa Dunda, na yote yaliyonipata siku ile yalikuwa yake kihalali.

Nafundisha Kiingereza sekondari hapa Bagamoyo. Madaktari wa kujitolea wa kanisa moja la Marekani walipokuja kufungua kliniki ya siku tatu kwenye uwanja wa kanisa, walitafutwa wakalimani. Nikajitokeza mbio, nikidhani kazi yenyewe ni kukaa kivulini na kusema "anasema linauma." Tukagawiwa fulana za kijani. Yangu ilikuwa ya kumtosha mtoto wa darasa la tano, kwa hiyo ilipofika saa nne na joto limepanda, niliivua nikabaki na shati langu. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Asubuhi ilifunguliwa kwa sala, na wazee wenye kanzu na kofia za viua waliitikia "Amina" kuishinda kwaya. Mji huu umeishi na wamisheni tangu 1868, hakuna wa kushtuka. Foleni ya meno ikawa ndefu kuliko ya macho na ya presha zikijumlishwa.

Zamu ya mzee ikafika. Daktari akauliza jino limeanza kuuma lini.

"Tangu vita vya Kagera," akasema. "Ila lilikuwa linanihurumia."

Daktari akawasha tochi ya kichwani, akachungulia, akauliza mbona gego lenyewe halionekani vizuri.

"Mwambie limemezwa na ufizi, kama ule mnyororo wa punda kwenye mbuyu wa misheni."

Jamani, nilijaribu. Nilianza na mbuyu, nikaingia kwenye punda, na kabla sijaufikia mnyororo daktari alishageuka kuandaa sindano ya ganzi.

Mzee akaiona sindano. Akainuka taratibu. "Mtani, kiti hiki kinayumba. Hebu nioneshe kinavyokaliwa."

Mimi Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mzaramo. Kwa utani wetu, anaweza kunichukulia kuku bandani na nikamsindikiza hadi barabarani. Ningeshtuka hapo. Lakini ualimu ni ugonjwa. Ukiambiwa "nioneshe" unaonesha.

"Unakaa hivi, mzee wangu. Kichwa unalaza hivi. Mdomo unafunua hiviii..."

Daktari akageuka. Alikuwa amevaa barakoa na miwani ya kukuzia, foleni nzima inamsubiri, na mbele yake kuna mdomo ulio wazi. Akanishika taya. Nikapiga kelele "Aaa! Aaa!", na daktari wa meno ukimwambia "aaa" anaona unampa ushirikiano. Sindano ikazama nyuma kabisa, chini kushoto. Nikamtupia mzee jicho aniokoe. Alikuwa kwenye benchi, amekunja nne.

"Naam, mwalimu, naona. Endelea."

Ganzi ilipokolea, daktari akachukua koleo, akaanza kutafuta jino bovu. Akagonga la kwanza. Akagonga la pili. Akaisoma kadi, akanisoma mimi. Akainua kichwa, akaita mkalimani. Kimya. Akaita tena, sasa kwa hasira. Nami nikiwa nimelala pale, koleo mdomoni, nikanyoosha mkono juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

Maskini daktari aliomba radhi hadi masikio yakamwiva. Mzee yeye alikuwa amejishika mbavu, anahutubia foleni: "Babu zake walibeba meno ya tembo kwa miguu kutoka Tabora mpaka hapa, yeye jino lake mwenyewe limemshinda hatua tatu!" Kisha akaondoka kwenda kunywa uji, eti atarudi nikishajifunza kukaa.

Ningeenda nyumbani yangeishia hapo. Nikasema hapana, kazi ni kazi, nikahamia meza ya dawa. "Meza kutwa mara tatu" ilikuwa inatoka "neja kutwa nara tatu," na mate yanachuruzika juu ya shati. Mama mmoja wa kwaya akaniangalia mdomo ulivyokwenda upande, akapiga ukelele: "Kiharusi!" Dakika hiyo hiyo nikawa nimekalishwa, mikono minne kichwani inaniombea, wa tano ananifunga kipimo cha presha. 150 kwa 95. Na wewe jaribu kuombewa ghafla, uone kama haitapanda.

Nikataka kueleza kwamba nimepigwa ganzi tu. Lakini W inahitaji midomo, na midomo sikuwa nayo. Z nayo ikateleza. Kilichosikika na watu wote pale, kanisani, saa sita mchana, ni hiki: "Nimepiga ganja tu."

Maombi yakakatika. Mikono ikatoka kichwani mmoja mmoja. Na nesi mgeni alipotaka kujua mgonjwa kasema nini, aliyekuwa karibu kumtafsiria ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, ambaye mitihani yake yote ya Kiingereza nilimpa sifuri. Siku hiyo alitafsiri bila kosa hata moja.

Kufika saa tisa ulimi ulikuwa umeanza kunirudia na jina langu limeshasafishwa kiasi, ingawa mama wa kwaya mpaka leo hunisalimia kwa mbali. Mzee akarudi, akaketi mwenyewe bila kuoneshwa. Nilisimama hatua tatu nyuma, fulana ya kijani nimeivaa hivyo hivyo na kitovu nje. Gego likang'oka haraka kuliko kisa chake.

Akalifunga kwenye kipande cha gazeti, akanitia kiganjani, akazungumza na pamba mdomoni:

"Chukua, ntani. Nzigo wa kurudi nao Tabora."