Kabla Fundi Hajawasha Grenda: Maoni Kuhusu Ekzosi za Magari ya Zamani ya Mbio

Hapa Lubumbashi kuna desturi ambayo imekaribia kuwa sheria: kijana akipata gari la zamani lenye asili ya mbio, kazi ya kwanza anayoifanya, kabla hata ya kumwaga oili, ni kulipeleka gereji ili sailensa ikatwe na bomba la moshi lipitishwe moja kwa moja hadi nyuma. Jioni ya siku hiyo mtaa mzima unajua kwamba gari limenunuliwa. Sina ugomvi na furaha ya mtu, na magari haya nayapenda kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wangu. Lakini naona kwamba kazi inayotakiwa kuja mwisho imewekwa mwanzo, na kwamba fedha nyingi tunazozitia kwenye ekzosi zinanunua kelele tu, huku nguvu ikibaki pale pale au ikipungua.

Tuyatazame magari yenyewe. Mengi ni ya Kijapani, yaani Subaru Impreza WRX, Toyota Altezza na Mark II yenye turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini), yaliyotengenezwa katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakashushwa Dar es Salaam, yakakatisha Zambia na kuingia kwetu Kongo kupitia mpaka wa Kasumbalesa, usukani wake ukiwa kulia katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia wa barabara. Machache ni BMW na Mercedes zilizotoka Ulaya. Gari la umri wa miaka 25 haliwi tena na ekzosi iliyotoka kiwandani. Linakuwa na mabaki yake. Gasketi zimekauka, bolti zimeliwa na kutu, manifoldi, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, imepata nyufa, na mahali fulani katikati pana kiraka alichochomelea fundi ambaye mwenye gari wa sasa hatamjua kamwe.

Kutu hiyo, kinyume cha wanavyodhani wengi, haitoki kwenye matope ya masika peke yake. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, ambayo hupita katika bomba yakiwa mvuke. Gari likienda safari ndefu, bomba lote hupata moto na mvuke huo hutoka nje. Likitoka mtaa wa Bel-Air hadi katikati ya mji na kuzimwa, mvuke hupoa ndani ya sailensa, ukageuka maji yenye asidi na kuitafuna kutoka ndani. Ndiyo maana sailensa inayoonekana nzima kwa nje inaweza kubomoka ukiigonga kwa bisibisi.

Kwa hiyo naamini kwamba hatua ya kwanza ya kuboresha ekzosi ya gari la namna hii ni kuitengeneza iwe ilivyokuwa. Asubuhi injini ikiwa baridi, mwambie mtu aiwashe nawe usikilize upande wa manifoldi. Ukisikia mlio mdogo wa tik-tik unaopotea baada ya injini kupata moto, pana ufa au gasketi iliyokufa, na mlio unapotea kwa sababu chuma kikipata joto hutanuka na kuziba pengo. Kisha ziba mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kwa muda mfupi, nje na mahali penye hewa, huku mwenzako akipaka maji ya sabuni kwenye viungo ambavyo bado ni baridi: panapovuja patatoa mapovu, na mara nyingi utakuta masizi meusi yameshapachora mahali hapo. Zoezi hili linagharimu sabuni tu, na mara nyingi linaeleza kwa nini gari linakula mafuta. Ufa ulio mbele ya kihisi cha oksijeni huvuta hewa ya nje ndani ya bomba, kihisi kikadhani kwamba mchanganyiko una petroli kidogo, na kompyuta ya injini ikaongeza petroli isiyohitajika. Mwenye gari analalamika kwamba gari ni zito na linanuka petroli, fundi anamshauri afungue bomba zaidi, na ugonjwa unaachwa palepale.

Kuna na jambo jingine ambalo si kosa la bomba lolote. Mji wetu uko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo kanieneo (presha) ya hewa ni pungufu kwa takriban asilimia 13 kuliko pwani. Altezza yenye gia za mkono, ambayo Toyota waliitangaza mwaka 1998 kwa nguvu za farasi 210, haina turbo. Ikifika hapa, hata ikiwa mpya kabisa, inabaki na kama 180. Upungufu huo hauko nyuma ya gari, nao hauwezi kurudishwa na fundi wa kuchomelea, hata awe hodari namna gani. Nimewasikia watu wakisema kwamba gari lao lilipokuwa Dar lilikimbia na hapa linasinzia, kwa hiyo lazima ekzosi imeziba. Huenda imeziba kweli, lakini kwanza waulize hewa.

Sasa nije kwenye hoja inayozua mabishano makali kuliko zote, yaani upana wa bomba. Katika gereji zetu kuna kambi mbili. Ya kwanza inasema bomba likiwa pana zaidi ndivyo bora. Ya pili inasema injini lazima ibanwe kidogo, la sivyo inapoteza nguvu. Kwa maoni yangu zote mbili zimeshika sehemu ya ukweli na kuielewa vibaya. Hakuna injini inayofaidika kwa kubanwa. Inachokihitaji injini isiyo na turbo ni moshi wenye kasi. Valvu ya kutolea moshi inapofunguka, fungu la gesi ya moto hutoka kwa nguvu na kuacha nyuma yake eneo lenye kanieneo ndogo. Mabomba ya manifoldi yakiwa na urefu na upana unaofaa, eneo hilo hufika kwenye silinda nyingine wakati hasa valvu zake za kuingiza hewa na za kutolea moshi ziko wazi kwa pamoja, likasaidia kunyonya moshi uliobaki na kuvuta hewa mpya. Ukiweka bomba pana kupita kiasi, gesi hupunguza mwendo na kupoa, na msaada huo hufifia. Hasara huonekana kwenye mizunguko ya chini ya injini, ambayo ndiyo tunayoitumia kutwa nzima kati ya Kamalondo na Kenya, mitaa ya mji huu, tukisimama na kuondoka kila baada ya hatua chache. Kwa injini ya lita 2 isiyo na turbo, bomba la inchi 2 na robo, au inchi 2 na nusu, linatosha kabisa. Anayekushauri uweke inchi 3 anauza bomba.

Kwa gari lenye turbo hesabu inageuka. Turbo huzungushwa na tofauti ya kanieneo kati ya moshi unaoingia ndani yake na moshi unaotoka, kwa hiyo kadiri njia ya baada yake ilivyo wazi ndivyo inavyoamka mapema. Hapo inchi 3 ina maana, hasa katika bomba la kwanza linalotoka kwenye turbo, ambalo viwandani hutengenezwa jembamba ili lipite kwa urahisi katika nafasi finyu. Ikiwa una Impreza na fedha za kipande kimoja tu, tia fedha zako hapo, wala si kwenye mdomo unaong'aa huku nyuma. Ila pana hatari ambayo wauzaji hawaitaji. Ukishafungua njia yote, valvu ndogo inayopunguza presha ya turbo inaweza kushindwa kupitisha moshi wa ziada, presha ikaendelea kupanda kupita kiwango kilichowekwa, na petroli isitoshe hewa iliyoingia. Pistoni huanza kupasuka bila kutoa taarifa. Kwa hiyo bomba pana kwenye injini ya turbo bila kipimo cha presha ndani ya gari, na bila mtu wa kurekebisha kompyuta ya injini, ni kamari, na gharama ya injini nyingine ya Subaru inajulikana na kila aliyewahi kuitafuta.

Kuhusu kataliza, kile kifaa cha kusafisha moshi kilicho ndani ya bomba, nitakuwa mkali. Wanaonunua vyuma chakavu wanajua kwamba ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana magari mengi yanafika hapa yakiwa na bomba tupu mahali pa kataliza, na mengine yanapoteza yake hapa hapa. Zamani tulikuwa na udhuru, kwa kuwa petroli yenye madini ya risasi iliziua kataliza. Lakini petroli hiyo iliachwa kusini mwa Sahara tangu mwanzoni mwa 2006. Kataliza iliyoyeyuka na kuziba iondolewe, bila shaka. Iliyo nzima, faida ya kuiondoa kwenye gari la barabarani ni ndogo mno, ilhali wanaosimama mdomoni mwa bomba lako kwenye foleni ni mama anayeuza mkate na watoto wanaotoka shule. Mji huu umevuta moshi wa kuyeyusha shaba kwa zaidi ya miaka mia moja. Hauhitaji mchango wetu.

Sifa moja ya Lubumbashi ambayo miji mingi ingeionea wivu ni mafundi wake wa chuma. Mji ulioanzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya madini umelea vizazi vya watu wanaojua kuchomelea, na mwenye gari la zamani anaweza kutengenezewa ekzosi nzima kwa bei ndogo kuliko ile inayoagizwa Japani. Wapo mafundi wasio na mashine ya kukunja mabomba ambao hujaza bomba mchanga mkavu, wakaushindilia, wakaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mbao, kisha wakalipasha moto mahali pa kona hadi liwe jekundu na kulikunja polepole. Mchanga unalizuia bomba lisibonyee, na kona inatoka na upana ule ule wa ndani. Mbinu hii ni ya zamani sana, nami naiamini kuliko mashine nyepesi zinazokunja kwa kuponda, ambazo huacha mikunjo inayoziba njia kila kona. Sharti ni moja: mchanga uwe umekauka kabisa, kwa sababu maji yaliyofungiwa ndani ya bomba lililozibwa yakigeuka mvuke hulipua vigingi hivyo kama risasi.

Mwulize fundi anachomelea kwa elektrodi ya aina gani. Chuma kisichoshika kutu kikiunganishwa na chuma cha kawaida kwa elektrodi ya kawaida, kiungo ndicho kinachooza kwanza. Elektrodi ya namba 309 imetengenezwa kwa ajili ya kuunganisha vyuma hivyo viwili, na katika mji wa migodi haikosekani. Mwombe pia aunganishe kwanza kwa nukta chache tu bomba likiwa limeshaning'inizwa kwenye gari, alishushe gari litue kwa uzito wake, ndipo amalizie. Na kipande kinachonyumbulika kilicho karibu na injini kisiondolewe, kwa sababu injini hutikisika nalo bodi halitikisiki hivyo. Ukivifunga pamoja kwa bomba gumu, manifoldi itapasuka.

Tunarudi kwenye sauti, kwa kuwa ndiyo inayowaleta wengi gereji. Mngurumo wa Subaru za zamani hautokani na sailensa iliyokatwa. Unatokana na manifoldi yenye mabomba ya urefu usiolingana, ambayo hufanya mapigo ya silinda yafike kwenye njia moja kwa nafasi zisizo sawa. Legacy ya mwaka 2003 ilipopewa mabomba yenye urefu sawa, mngurumo ule ukatoweka. Hivyo mwenye Impreza ya zamani anao muziki wake tayari, na sailensa nzuri itausafisha badala ya kuuua. Kwa magari mengine, debe tupu haliachi kuvuma. Hata Japani, nchi yenye mapenzi makubwa na magari haya, kwa miaka mingi kiwango cha juu cha kelele katika ukaguzi wa magari madogo ya kawaida kilikuwa desibeli 96, kipimo kikiwekwa nusu mita tu kutoka mdomo wa bomba.

Anayekwenda Likasi mara kwa mara atajua adhabu nyingine ya kukata sailensa. Injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika hutoa mapigo 100 kila sekunde, na bila sailensa ya katikati uvumi huo mzito hujaa ndani ya gari na kukaa kichwani kwa kilomita zote 120. Dawa yake ipo: bomba la pembeni lililozibwa mwisho, lenye urefu wa zaidi kidogo ya mita moja, hurudisha wimbi la sauti likiwa kinyume na kuliua. Ni kipande cha bomba na nusu siku ya kazi, lakini sijaona gereji inayokipendekeza bila kuombwa.

Mengine ni mafupi. Bomba la inchi 3 lipitishwe juu kadiri inavyowezekana, kwa sababu matuta yetu hayana huruma. Kitambaa cha kuzuia joto kisifungwe kwenye chuma cha kawaida, kwani wakati wa masika hushika maji na kuharakisha kutu. Moshi usiachwe kuvuja chini ya viti, maana hewa yake ya sumu haina harufu.

Na ukishalipa, usiondoke ukiviacha vipande vya kiwandani mlangoni mwa gereji, ambako kufikia kesho yake vitakuwa vimepimwa kwa kilo. Vipakie kwenye buti hata kama vimechakaa. Flanji zake, yaani bapa za kuungia mabomba, ndizo vipimo ambavyo fundi atavihitaji siku atakapotengeneza tena, na mnunuzi makini wa Altezza au Impreza atakuuliza habari zake kabla ya kuuliza bei.